eSIM ya Safari: Intaneti Ipo, Namba Haipo

Mtu akiniuliza Guangzhou, China, nalala wapi, namjibu. Akiniuliza pa kupata wali na maharage, namwelekeza hadi mlangoni. Akiniuliza intaneti nafanyaje, namwambia avute kiti kwanza.

Mimi nafuata mikoba na viatu vya kike. Wateja wangu wako Dar es Salaam na Dodoma, kwenye kundi la WhatsApp, wanasubiri picha na video kutoka sokoni. Wanachagua, wanatuma nusu ya pesa, nami nachukua mzigo. Dar ikiwa saa moja asubuhi, Guangzhou ni saa sita mchana. Ikifika saa kumi na mbili jioni ya kule, wenye vibanda vya soko la ngozi la Sanyuanli wameshaanza kuteremsha mageti. Kwa hiyo muda ambao duka liko wazi, mimi niko mbele yake, na mteja wa Dodoma ameshaamka na kushika simu, ni hizo saa chache za katikati. Mtandao ukikatika hapo, siku imeliwa: hoteli nimelipa, mkalimani nimemlipa, oda sina.

eSIM ilipokuja, nilikuwa miongoni mwa waliofurahi. Badala ya kadi ya plastiki, simu ina chipu iliyogandishwa humo humo ndani tangu kiwandani, na laini unaipakua kama unavyopakua programu. Unakaa sebuleni kwako Tabata, unanunua bando la nchi unayokwenda, unaliweka, unapanda ndege. Ukitua uko hewani. Hakuna foleni uwanja wa ndege, hakuna kuhangaika na pini ya kufungulia tundu la laini, hakuna kuitafuta laini ya nyumbani kwenye mifuko yote ya pochi siku ya kurudi. Hayo ni kweli na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba wengi wanaouza eSIM za wasafiri wanauza intaneti tu, na mimi karibu kila nilipokwama, kilichonikwamisha ni namba.

Kabla ya kufika huko, kuna suala la simu yenyewe. Nyingi tunazotumia kwetu, zile Tecno, Infinix na itel za bei ya kawaida, hazina eSIM kabisa. Njia ya haraka ya kujua ni kupiga *#06#. Ikitokea namba ndefu ya tarakimu 32 yenye jina EID, simu inayo. Usipoiona, usimpe mtu pesa yako kwa bando la eSIM, hata kama tangazo linasema inafanya kazi kwenye simu zote za kisasa.

Kwa iPhone mambo yamechanganyika zaidi, na wauzaji wetu wa Kariakoo hawasemi mpaka uulize. iPhone nyingi zilizouzwa China bara miaka yote hii hazina eSIM. Zina tundu la laini mbili za plastiki. Sisi wa mizigo tulizipenda kwa sababu hiyo hiyo. Zilizouzwa Marekani, kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022, ni kinyume chake: hazina tundu, ni eSIM tupu. Mwaka 2025 iPhone 17 zikaja hivyo hivyo kwenye masoko ya Ghuba, yaani Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Oman, Qatar, Kuwait na Bahrain. Zamani kuambiwa simu "imetoka Dubai" ilikuwa sifa ya kuongezea bei. Leo swali la kwanza liwe: tundu la laini lipo? Halafu kuna zile zilizofungwa na mtandao wa nje, ambazo muuzaji anaapa kwamba zimefunguliwa. Mwambie aweke laini mbele yako na upige simu, maana simu iliyofungwa itaikataa na eSIM pia, na utaligundua hilo ukiwa ugenini.

Tuseme simu iko sawa na umenunua bando. Muuzaji anakutumia msimbo wa QR kwa barua pepe, na maelekezo yanasema uuelekezee kamera ya simu yako. Barua pepe iko kwenye simu hiyo hiyo. Safari yangu ya kwanza na kitu hiki niliishia steshenari ya jirani, kijana akanichapishia karatasi, akaniuliza kama hiyo ni tiketi ya tamasha. Siku hizi imekuwa nafuu kidogo: kwenye iPhone yenye iOS 17.4 au zaidi unabonyeza ile picha ya msimbo na kushikilia, simu inaelewa. Wauzaji wengine wanaweka laini moja kwa moja kupitia programu yao. Kwingine kote kuna njia ya kuandika kwa mkono anwani ya seva na msimbo mrefu wa kuamsha laini, herufi kubwa na ndogo, sifuri na O zimekaa jirani. Mimi bado nachapisha karatasi. Betri ya karatasi haiishi.

Jambo ambalo halisemwi kwa sauti ya kutosha ni kwamba msimbo huo, kwa kawaida, hutumika mara moja tu. Kijana mmoja niliyesafiri naye, intaneti ilipogoma pale Addis Ababa tukisubiri ndege ya pili, alifanya tunachofanya sote simu ikileta ukaidi: akaifuta eSIM ili aiweke upya. Alipoupiga picha msimbo tena, simu ikamwambia umeshatumika. Pesa ya bando imekwenda, laini hana, na kumwandikia muuzaji anahitaji intaneti ambayo ndiyo hiyo aliyoifuta. Nilimpa yangu kwa hotspoti mpaka muuzaji akamtumia msimbo mwingine. Zima simu, iwashe, weka hali ya ndege uitoe, chagua mtandao mwingine wa pale ulipo. Kufuta iwe ya mwisho kabisa.

Na weka eSIM ukiwa nyumbani, kwenye waifai inayoeleweka, kwa sababu kuipakua kunahitaji intaneti. Soma tu kwanza siku za bando zinaanza kuhesabiwa lini. Mengine huanza laini inaposhika mtandao wa nchi unayokwenda, mengine huanza dakika unayoipakua. Haya ya pili ukiyaweka mapema unalipia siku ulizokuwa Tabata.

Sasa kutua. Uwanja wa Baiyun, usiku, watu wa ndege nzima wamesimama kwenye foleni ya uhamiaji, kila mmoja ameinamia simu. Vijiti vya mtandao vimejaa, jina la mtandao wa China limeandikwa juu, intaneti hakuna. Kisa kikubwa ni romingi, yaani laini kutumia mtandao wa nchi isiyo yake. Sisi tumelelewa na hofu ya romingi. Tumesikia habari za watu waliorudi wakakuta salio lote limekombwa kwa kufungua barua pepe moja. Kwa hiyo mkono wa mfanyabiashara yeyote mzoefu unaizima kabla hata ndege haijaondoka. Lakini eSIM ya safari ni laini ya mtandao wa nchi nyingine inayoomba hifadhi kwenye mtandao wa hapo ulipo. Kwa asili yake iko kwenye romingi kila dakika. Ukiizimia romingi, umeizima yenyewe. Kwa hiyo vitufe viwili vinavyofanana lazima viende kinyume: romingi ya data kwenye eSIM iwake, kwenye laini ya Tanzania izimwe. Na kwenye iPhone kuna kitufe cha tatu kilichojificha, cha kuruhusu simu kuhamia laini nyingine yenyewe mtandao ukiwa hafifu. Kizime. Ukisahau romingi ya laini ya nyumbani ikiwa imewaka, hicho ndicho kinachoweza kuhamishia video zako huko bila kukuuliza, halafu bili inakuja na maumivu yale yale ya zamani.

Kwenye simu za Android mara nyingine kinachokosekana ni APN, lile neno moja la kuelekeza data ipite wapi. Muuzaji huwa ameliandika mahali fulani kwenye barua pepe, chini kabisa, baada ya matangazo. Liandike kwenye ile karatasi.

Utasema basi nitumie waifai ya uwanja. Jaribu. Ukurasa wa kuingilia unaomba namba ya simu ili ukutumie namba ya uthibitisho kwa meseji. eSIM yako haina namba. Laini ya nyumbani inayo, ikiwa imeshika mtandao, na ikiwa meseji itafika. Viwanja vikubwa vya China vina mashine zinazosoma pasipoti na kukupa namba ya kuingilia, na ukiiona moja isiyo na foleni shukuru. Huduma kwa wateja ya muuzaji wa eSIM nayo iko kwenye mazungumzo ya mtandaoni tu. Hakuna simu ya kupiga, na hata ingekuwepo, laini ya data tupu haipigi simu. Unasimama pale na bando la GB kadhaa ulilolipia, unatafuta mtu wa kukuazima dakika mbili za intaneti.

Kwa nini basi nisinunue laini ya China nikamaliza? Hapa ndipo China inapotofautiana na Dubai au Istanbul. Laini ya China inapatikana. Unakwenda duka la mtandao na pasipoti, wanakupiga picha ya uso, unapewa namba. Ila ukiitumia, WhatsApp haifunguki, imefungwa huko tangu 2017. Google haifunguki, Instagram haifunguki. Wateja wangu wote wako WhatsApp na Instagram. eSIM ya safari iliyotolewa na mtandao wa nje haikutani na ukuta huo, kwa sababu data yako inapelekwa kwanza hadi kwenye mtandao mama wa laini hiyo, inaweza kuwa Hong Kong au Singapore, ndipo itoke duniani. Niko Sanyuanli, lakini kwa macho ya WhatsApp niko Hong Kong. Kwangu faida hiyo peke yake inatosha kuvumilia kero zote nilizotaja, na ndiyo maana bado nainunua huku nalalamika.

Lakini jambo hilo hilo lina upande wa pili. Programu ya benki yangu ilipoona natokea Hong Kong wakati asubuhi ile nilikuwa Dar, ilifunga akaunti kwa usalama wangu. Asante sana. Google ikaanza kunijibu kwa Kichina. Na ukirudi hotelini, simu kwa uungwana wake inaiacha eSIM na kuhamia waifai ya hoteli, ambayo iko ndani ya ukuta, na WhatsApp inakufa. Nimeona watu wakiilaani eSIM usiku kucha kumbe hata haitumiki. Zima waifai, mambo yanarudi.

Sasa tufike kwenye namba, maana hapa ndipo roho inapotoka.

Siku moja bando liliniishia katikati ya soko. Video za mikoba zinakula data kuliko unavyodhani, hasa mteja akisema "dada hebu igeuze tena nione ndani." Kuongeza bando ni kubonyeza tu kwenye programu ya muuzaji na kulipa kwa kadi. Binti wa dukani akanipa hotspoti yake, programu ikafunguka kwa kuchechemea, nikaingiza kadi. Benki, kama inavyopasa, ikasema imenitumia namba ya uthibitisho kwenye simu yangu. Simu yangu ilikuwa mkononi. Laini ya Tanzania ilikuwa imewashwa romingi ya meseji kabla ya safari, ina salio, vijiti viwili. Meseji haikuja. Nikaomba nyingine. Haikuja. Pochi ya simu nayo, ile menyu ya nyota na reli, ilizunguka ikasema jaribu baadaye. Nilikuwa na pesa benki, nilikuwa na pesa kwenye simu, na sikuweza kununua bando la bei ya chakula cha mchana.

Namba za uthibitisho zilifika usiku, nimeshavua viatu, zote kwa mpigo, kila moja ikiwa imeshapitwa na muda wake wa dakika chache.

Ukikaa na hilo ndipo unaona tatizo liko wapi. Kwa Mzungu aliyebuni biashara hii, pengine laini ya nyumbani ni kitu cha kupigia mama yake. Kwetu laini ni benki, ni pochi, ni kitambulisho. Tangu muda wa mwisho wa usajili wa alama za vidole ulipofika Januari 2020, laini ya Tanzania imefungwa kwenye kidole chako na namba yako ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa. Wateja wanalipa kwenye namba hiyo. Benki inakutambua kwa namba hiyo. WhatsApp yenyewe inaishi kwenye namba hiyo. Mwenye data bila namba ni kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni akaambiwa asithubutu kuingia jikoni wala chooni.

Na China nayo inaitaka namba kila kona. Alipay na WeChat, programu za kulipia za huko, zinakubali namba ya nje wakati wa kujiandikisha, na tangu 2023 kuunganisha kadi ya Visa au Mastercard ya nje kumekuwa rahisi zaidi, lakini zote mbili zinathibitisha kwa meseji. Jiandikishe Dar, unganisha kadi Dar, lipa hata kitu kidogo cha majaribio ikiwezekana, kwa sababu meseji Dar inafika. Dereva wa Didi, teksi za kuita kwa programu, hawezi kukupigia kwenye namba ya Tanzania. Tunaandikiana ndani ya programu na yenyewe inatafsiri, ingawa tafsiri ya "niko mlango wa nyuma karibu na wauza matunda" imewahi kunipeleka dereva mtaa wa pili. Wakala wa mizigo anataka namba ya China ya kuandika kwenye maboksi ili kiwanda kikileta mzigo ghalani kijue kimpigie nani. Wengi tunaandika namba ya wakala mwenyewe au ya mkalimani. Inafanya kazi mpaka siku mkalimani anapokwenda kwa mteja mwingine.

Kwa hiyo mfanyabiashara anajikuta anahitaji laini tatu: ya nyumbani kwa pesa, eSIM kwa WhatsApp, ya China kwa kupigiwa. Simu nyingi, hata ziwe za bei gani, zinawasha mbili kwa wakati mmoja. Ya tatu inabaki pochini, na siku zote ile ya pochini ndiyo itakayohitajika.

Wapo wanaoacha laini ya Tanzania nyumbani, kwa mume au kwa mtoto, ili asome namba za uthibitisho na kuwatumia kwa WhatsApp. Najua kwa nini wanafanya hivyo na siwacheki. Mimi sifanyi. Benki zinakataza kumpa mtu namba hizo, na pesa ikipotea hutakuwa na pa kuanzia kusema. Isitoshe mtoto analala, mtoto ana shule.

Lililonifanya niwe mkali zaidi kuhusu laini ya nyumbani ni lililompata shoga yangu wa Mwanza. Yeye alikuwa na simu ya Marekani isiyo na tundu, kwa hiyo laini yake ya Tanzania aliihamishia kwenye eSIM, na ya safari nayo akaiweka humo humo. Mambo safi, simu moja, hakuna plastiki. Katika maduka ya viatu ya Zhanxi simu ikamponyoka kwenye ngazi za umeme. Kioo kikafa, simu ikafa. Kama angekuwa na laini ya plastiki, angeichomoa akaitia kwenye simu yoyote, hata ya kuazima, na jioni ile angekuwa anapokea pesa za wateja. Guangzhou si mji wa kukosa simu ya kununua. Tatizo ni kwamba simu zilizokuwa mbele yetu kwenye yale maduka zilikuwa za soko la China, zina matundu mawili na eSIM hazina. Alipowasiliana na kampuni ya laini yake kupitia simu yangu, akajibiwa kwa adabu kwamba kuhamisha laini kwenda simu nyingine lazima afike dukani aweke kidole.

Kidole kiko China, duka liko Mwanza.

Utaratibu huo siulaumu, maana bila kidole wezi wangekuwa wanahamisha laini za watu kila siku, na tunajua walivyokuwa wakifanya. Lakini pesa za wateja wake ziliendelea kuingia kwenye namba ambayo hakuweza kuifungua, wakati wenye maduka wanataka malipo. Watanzania wa mtaa wa Xiaobei, Guangzhou, tulimchangia kwa mkopo, kila mtu alichonacho, akalipa mzigo wake na kurudi. Alitulipa wote alipofika. Laini yake sasa ni ya plastiki, na simu ile ya Marekani alimuuzia mtu asiyesafiri.

Kuhusu mabando yanayoitwa ya bila kikomo, nitasema kidogo tu. Kikomo kipo. Ukishatumia kiasi fulani kwa siku, spidi inashushwa hadi kiwango ambacho meseji ya maandishi inapita na picha inagoma, na mara nyingi hotspoti imewekewa kikomo chake chenyewe. Kwa mtalii anayetafuta njia kwenye ramani haina shida. Kwa anayeuza mikoba kwa video, bora bando la GB zinazohesabika, kwa sababu unajua lini zitaisha.

Istanbul nako kuna jipya. Julai 2025 mamlaka ya mawasiliano ya Uturuki ilifunga tovuti na programu za kampuni kadhaa kubwa za eSIM za wasafiri. Iliyokwisha kuwekwa kwenye simu inaendelea kufanya kazi. Ugumu uko kwa anayetua na kutaka kununua akiwa huko. Wanaokwenda Laleli kufuata nguo wanapaswa kununua na kuweka kabla ya kupanda ndege, na kununua bando la kutosha safari nzima, kwa sababu hata kuongeza kunaweza kugoma.

Mpangilio wangu wa sasa hauvutii. Laini ya Tanzania, ya plastiki, iko kwenye simu ya pili ya bei nafuu ya 4G, romingi ya data imezimwa, salio limewekwa, na kazi yake ni kupokea meseji tu. Kiswaswadu, ile simu ndogo ya vitufe, nilikiacha kwa sababu nchi nyingi zimeshazima au zinazima 2G, na simu isiyoshika mtandao haikusaidii hata kama betri inakaa wiki. Simu kubwa ina eSIM ya safari, na kwenye tundu kuna laini ya China ambayo naitumia kupigiwa na wakala. Nanunua mabando mawili kutoka kwa wauzaji wawili tofauti, la kwanza likigoma natumia la pili kumwandikia muuzaji wa la kwanza. Nayalipia yote Dar, meseji za benki zikiwa zinafika. Benki naiarifu safari kabla sijaondoka, na ile karatasi ya steshenari ina misimbo, APN, na namba ya wakala kwa herufi za Kichina.

Ni simu mbili, chaja mbili, na mwonekano wa mtu anayeuza simu zilizotumika. Watu wa usalama uwanjani wameshaniuliza.

Oktoba nakwenda tena, msimu wa Maonesho ya Canton, yale maonesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, hoteli zitakuwa ghali na mtandao wa Pazhou, yanakofanyika, utakuwa umeelemewa na umati. Kabla ya hapo nina dai moja: ile siku ya namba za uthibitisho zilizochelewa, benki ilikuja kukata pesa ya bando mara mbili, na bando nililopata ni moja. Muuzaji wa eSIM amenijibu mara kadhaa. Kila anaponijibu ni roboti, na kila mara inaanza kwa kuniuliza kama nimewasha romingi.